Kabla Hujasema Mota Zetu Ni Dhaifu, Weka Droni Kwenye Mizani

“Fundi, mota mlizoniuzia ni feki.” Ujumbe wa namna hii hatumalizi miezi miwili bila kuupata. Wa mwisho ulitoka kwa mteja wetu wa Mbeya, mpiga picha za harusi, aliyeamini kabisa kwamba tumemwibia. Tukamwomba atume droni nzima kwa basi pamoja na betri na kamera. Ilipofika hapa Dar es Salaam hatukushika bisibisi. Tuliiweka kwenye mizani kwanza: gramu 1,890.

Siku anachukua vifaa kwetu, hesabu ilikuwa gramu 1,500 na kila kitu ndani: fremu ya milimita 450, mota nne za 2212 (namba ya ukubwa wa mota) zenye 920KV, yaani mizunguko 920 kwa dakika kwa kila volti bila mzigo, ESC (kifaa kinachodhibiti kasi ya mota), betri moja ya 3S, yaani ya seli tatu, ya mAh 5,000, kamera na miguu. Kwenye stendi yetu ya kupimia kila mota ilinyanyua gramu 800, jumla 3,200. Yaani zaidi kidogo ya mara mbili ya uzito, na hapo ndipo tunapokubali kumkabidhi mtu droni.

Wengi wanauliza, kama droni ina kilo moja na nusu, kwa nini nilipie mota za kunyanyua kilo tatu? Kwa sababu kuelea tu hakutoshi. Upepo ukiipiga upande mmoja, kompyuta ya droni inaziongezea mzunguko mota za upande ulioinama. Kama zimeshafika mwisho, hakuna cha kuongeza, na droni inapinduka. Ukiona inaelea huku stiki ya kuongezea nguvu kwenye rimoti iko juu sana ya nusu, ishushe polepole uje tuzungumze.

Mteja wetu alikuwa amefunga betri ya pili kwa tepu ili arushe kwa muda mrefu zaidi. Hii ndiyo njia ya mkato tunayokutana nayo kuliko zote. Alizoea dakika 12, akategemea 24, akapata 15. Uzito ukipanda kwa robo, umeme wa kuelea unapanda kwa asilimia 40, hivyo betri mpya inatumia sehemu kubwa ya chaji yake kujibeba yenyewe. Na Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mota na propela zilezile zinapoteza takribani asilimia 15 ya walichopima mafundi wa pwani. Zile gramu 3,200 zilibaki kama 2,700, za kubeba droni ya 1,890.

Alipoona inapanda kwa shida, akatoa propela za inchi 10 akaweka za 11. Inchi moja inaonekana ndogo ukiishika mkononi. Lakini kwa kasi ileile ya mzunguko, propela hiyo inadai nguvu zaidi kwa kama asilimia 60. Tulipoifungua mota ya nyuma kushoto, waya wa shaba ulikuwa mweusi tii na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa mezani. ESC yake nayo ilikuwa imekufa. Mota ile haikuwa feki. Ilibebeshwa mzigo usio wake.

Sasa kuhusu bei, maana najua maneno yapo. Tunatoza shilingi elfu 30 kupima mota na kupanga uzito, na wapo wanaosema tunalipisha hesabu ya kwenye simu. Kila mota tunaifunga kwenye stendi, tunaipima kwa betri iliyojaa na tena kwa betri iliyo nusu, tunaandika ampea na tunashika joto lake baada ya dakika mbili. Karatasi za wauzaji huonyesha namba ya betri iliyojaa na stiki ya mwisho. Tumewahi kupokea mota zilizoandikwa gramu 950, mizani yetu ikasoma 800. Bila kupima tungemuuzia mtu hivyohivyo, naye angekuwa na haki ya kutulaumu.

Mteja wa Mbeya tulimfungia mota za 2216 zenye 880KV, propela za inchi 10 na betri moja tu, ya 4S (seli nne). Uzito umetoka gramu 1,690. Kila mota inanyanyua 1,100 hapa Dar, na hata ukitoa asilimia 15 ya Mbeya bado ni zaidi ya mara mbili. Anapata dakika 13. Gharama ya mota mbili kati ya zile zake za awali tulizoweza kuziokoa tulimpunguzia kwenye bili. Iliyoungua na ESC alilipa mwenyewe.

Ukija kununua mota, usituulize ipi ina nguvu. Tuambie kamera yako ina gramu ngapi, betri ipi utafunga, na utarushia wapi. Kama kamera hujainunua bado, subiri kwanza, mota zetu zipo tu.