Furaha, uliniuliza kwa nini tulimlilia Papa

Goma, 25 Mei 2025

Furaha mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tuliupata, na mama yako ameusikiliza mpaka simu ikazima. Hatujambo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mega za intaneti zimekuwa ghali, tena kuandika kwa kidole kimoja kwenye simu kunanichosha. Christian ataipiga picha na kukutumia. Ukiona herufi hazisomeki, laumu simu yake, usilaumu mwandiko wangu.

Uliuliza kwa ukali. Inakuwaje watu wa Goma, waliozika ndugu zao mwezi wa kwanza na wa pili haraka haraka, wengine bila hata sanduku, wapate machozi ya kumlilia mzee wa miaka 88 aliyelazwa Roma, hospitali ya Gemelli, madaktari wakimzunguka usiku na mchana? Mama yako alisema, “Huyo mtoto Lubumbashi imemharibu.” Mimi sikusema hivyo. Wewe unasomea uuguzi, na swali hilo ni lako zaidi kuliko la yeyote hapa nyumbani. Ndiyo sababu nimechukua muda kulijibu.

Kumbuka kwanza tulikuwa katika hali gani. Papa Fransisko aliingizwa hospitali Ijumaa, tarehe 14 Februari. Siku hiyohiyo uwanja wa ndege wa Kavumu, ule wa Bukavu, ulichukuliwa vitani, na baada ya siku mbili Bukavu ikaanguka. Sisi hapa tulikuwa tumeshaanguka tangu mwisho wa Januari. Benki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na mengine unajua kwa nini siyaandiki. Habari ya ugonjwa wake ilitufikia kwa mdomo, kupitia motari, dereva wa pikipiki, aliyemleta mama yako kutoka Birere. “Papa ana mkamba,” akasema. Baada ya siku chache ikawa nimonia ya mapafu yote mawili.

Nisikudanganye kwamba watu walipiga magoti papo hapo. Walianza na uvumi. Tarehe 22 Februari madaktari waliposema hali yake ni mbaya, kwamba alibanwa na pumu kwa muda mrefu na kuongezewa damu, simu zetu hapa Goma zilimzika jioni ileile. Picha zikapita kila kundi, Papa kitandani, barakoa usoni, mdomo wazi. Zilikuwa za kutengenezwa na kompyuta, lakini nani ana mega za kuchunguza? Watu wakaandika “Pumzika kwa amani” wakaweka na mishumaa. Ulipofika mwezi wa tatu, Papa alikuwa ameshakufa kwenye simu ya Christian mara nyingi kuliko paka wa hadithi.

Hapo ndipo shirika letu, jumuiya yetu ya kusali rozari, lilipokasirika, na hasira hiyo nataka uielewe. Mwezi wa kwanza, mtandao ulipokatika, sisi nasi tulizikwa. Baba yako mdogo wa Ndosho aliwekewa matanga Kinshasa akiwa hai, anapika maharage. Watu walishachanga pesa na kukodi viti. Mtandao uliporudi akawapigia: “Marehemu anawasalimia, na anaomba huo mchango mumtumie.” Tulicheka sana, lakini mama yake alikuwa ameshalia siku kadhaa, na shinikizo la damu halikumwacha tena. Kwa hiyo mtu alipoleta picha ya Papa aliyekufa, Mama Shirika, kiongozi wetu, alimwambia mbele ya wote: “Wewe ulikuwa Goma. Wewe hasa hupaswi.” Mtu akafuta.

Halafu wakaja wenye hukumu. Wengine walisema Mungu anamlipa kwa ile hati ya Desemba 2023, *Fiducia Supplicans*, iliyoruhusu padri kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Unakumbuka tulivyobishana hapa nyumbani. Kardinali Ambongo alikwenda mpaka Roma, na Januari 2024 akatangaza kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba huku kwetu baraka hiyo haitatolewa. Mimi nilikuwa upande wa Ambongo, na bado niko. Lakini kumpinga mtu aliyesimama ni jambo moja. Kusimama kando ya kitanda chake ukihesabu dhambi zake wakati anatafuta pumzi ni ushenzi, hata ukinukuu Biblia. Jirani yetu wa kanisa la uamsho naye aliuliza kwa nini anayeombea dunia nzima asijiombee apone. Nikamuuliza kama pasta wake akiumwa malaria hatumii dawa. Akacheka. Ni mtu mwema, usimchukie. Yeye ndiye aliyetupa maji tulipokosa.

Wengine waliishika methali yetu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Walitaka uso wake. Wenye umri wangu wanakumbuka Yohane Paulo wa Pili mwaka 2005, alivyoletwa dirishani siku chache kabla ya kufa, akafungua mdomo na sauti ikakataa kutoka. Tuliona kila kitu. Safari hii ghorofa ileile ya kumi ya Gemelli, lakini hakuna picha. Machi 6 ikachezwa sauti yake pale uwanja wa Mtakatifu Petro, kwa Kihispania, nyembamba, kama ya mtu anayesukuma kila neno mlangoni. Machi 16 ikatoka picha, tena ya mgongo, ameketi mbele ya altare amevaa stola. Watu wakasema kuna kitu kinafichwa. Mimi nasema hapana. Taarifa ya madaktari ilitoka karibu kila siku, na maneno mazito hayakuondolewa, tena daktari wake alisema mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetaka watu waambiwe ukweli. Kusema ukweli wa ugonjwa na kutoa uso wa mgonjwa utazamwe na kila mpita njia ni mambo mawili. Hilo huko wodini nadhani unalijua kuliko mimi, na wale ndugu wa wagonjwa wanaoingia simu mkononi, tayari kupiga picha.

Sasa kuhusu machozi yetu. Jumapili tarehe 2 Machi, siku mbili baada ya Papa kubanwa na kifua, kutapika na matapishi kuingia kwenye njia ya hewa, kilitolewa kile ambacho angekisema dirishani kwenye sala ya Malaika wa Bwana. Aliandika kwamba akiwa pale hospitalini vita inaonekana upuuzi zaidi. Kisha akataja mahali anapopaombea: Ukraine, Palestina, Israeli, Lebanoni, Myanmar, Sudani na Kivu. Furaha, hakuishia kwenye Kongo, ambayo ni kubwa, na kila mtu akiitaja anafikiria Kinshasa. Alisema Kivu. Tulikuwa kwenye rozari, ambayo siku hizo tuliisali saa kumi ili kila mtu awe kwake kabla ya giza, na kijana mmoja akasoma hayo kwenye simu. Akaambiwa asome tena. Akasoma tena. Mzee mmoja ambaye hajaongea tangu azike wanawe alisema: “Ametutaja.” Basi. Hakuna aliyeongeza kitu.

Tarehe 29 Januari, kabla hajalazwa, alikuwa ameshaitaja Goma, akiomba raia walindwe. Na kuna deni la nyuma. Julai 2022 alikuwa aje kwetu, misa ilikuwa isomwe Kibumba. Mama yako alishanunua kitenge. Goti lake likamzuia. Alipopanga upya, vita ilikuwa imefika Kibumba kwenyewe, na Goma ikaondolewa kwenye ratiba. Kwa hiyo Februari 2023 watu wa Mashariki ndio waliomfuata Kinshasa, wakaweka chini ya msalaba, mbele yake, panga na vitu vingine vilivyotumika kuua watu wao. Siku iliyotangulia alikuwa amewaambia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao Kongo, waondoe mikono yao Afrika. Na pale uwanja wa Mashahidi akawaeleza vijana habari za Floribert Bwana Chui wetu, yule wa ukaguzi wa bidhaa aliyeuawa hapa Goma mwaka 2007, miaka 26 tu, kwa kukataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite. Mtu kama huyo akiumwa, humwombei kwa kuwa yeye ni mkubwa. Unamwombea kwa kuwa alikuja kukuona wewe ulipokuwa mgonjwa, hata kama alifika mlangoni tu.

Lakini sehemu ya hasira yako ni ya haki, na sitaizunguka. Mwezi wa kwanza Askofu wetu Willy Ngumbi alitangaza kwamba bomu lilipiga idara ya watoto wachanga pale hospitali ya Charité Maternelle, na watoto wakafa. Watoto wa siku chache. Kisha baada ya wiki chache dunia yote ikawa inafuatilia oksijeni ya mtu mmoja, imepanda au imeshuka. Niliposikia taarifa hizo niliwaza wale watoto kila mara, na sikuona aibu kuwaza hivyo. Sina jibu la jambo hili. Najua tu kwamba mzee yule, kwa mapafu aliyokuwa nayo, alitumia pumzi aliyobakiwa nayo kututaja, na waliokuwa na mapafu mazima walinyamaza. Hasira yako ielekeze huko.

Na yule mama, mgonjwa wako wa wodini, ambaye unasema hakuna anayemsalia rozari, tuma jina lake la ubatizo. Kama hana la ubatizo, tuma lolote. Shirika linakutana Jumatano, na limeshaambiwa.

Kuna jambo jingine nililolisoma ambalo ni lako kabisa. Mwaka 1957, huko Argentina, alipokuwa kijana na kifua kikimuua, sista mmoja muuguzi, Cornelia Caraglio, aliona dozi aliyoandika daktari haitoshi, akaiongeza. Papa alisimulia mara nyingi kwamba sista huyo ndiye aliyemwokoa. Halafu safari hii, usiku ule mbaya wa Februari, Profesa Sergio Alfieri aliyeongoza madaktari alieleza baadaye kwamba ilibidi kuchagua: kuacha na kumruhusu aende, au kujaribu kila kitu huku figo na viungo vingine vikiwa hatarini. Muuguzi wake, Massimiliano Strappetti, ndiye aliyesema wajaribu kila kitu, wasikate tamaa. Akatoka hospitali Machi 23, baada ya siku 38, na pale barazani, kwa sauti iliyopasuka, katika umati wote ule akamsifu mama mmoja aliyeshika maua ya manjano. (Usiongeze dozi za watu kwa kusoma habari ya Sista Cornelia. Maliza shule kwanza.)

Pasaka alitokea, akabariki, na katika ujumbe uliosomwa siku hiyo Kongo ilikuwamo tena. Akazungushwa kwa gari katikati ya watu. Inasemekana alimshukuru Strappetti kwa kumrudisha uwanjani. Kesho yake, Jumatatu tarehe 21 Aprili, saa moja na dakika thelathini na tano asubuhi, akafariki, kiharusi na moyo kushindwa. Wakati huo wa mwaka saa ya Roma ni sawa na yetu. Tulikuwa tunakunywa chai.

Na unajua kilichotokea? Hakuna aliyeamini. Christian alipoingia na habari, mama yako hakuinua hata macho: “Tena?” Mama Shirika alikataa kutoa taarifa kwa wanashirika mpaka aisikie redioni na padri aithibitishe. Uongo wa miezi miwili ulikuwa umetumaliza hata huzuni; kifo cha kweli kilifika kikiwa kimechakaa. Ilikuwa jioni, kengele zilipopigwa, ndipo watu wakaanza kulia. Wengine nadhani walikuwa wanalia watu wao wa Januari, ambao hawakupata kengele. Sikumuuliza mtu.

Sasa tuna Papa Leo wa Kumi na Nne, na watu wameshaanza kubishana kuhusu viatu vyake. Tarehe 15 Juni, Floribert atatangazwa mwenye heri huko Roma. Hapa tutasali, kwa namna itakayowezekana. Niambie huko Lubumbashi ilikuwaje siku ile, kama kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilijaa, na kama Wakatanga nao walimuua mapema kwenye simu.

Ada ya muhula huu itapitia kwa shangazi yako, atavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, na kuituma kutoka huko, kwa hiyo mwambie mhasibu avumilie mpaka mwisho wa wiki. Mama yako anauliza kama lile sweta la kijani ulilipata. Baridi ya kwenu inaanza Juni, usijifanye mtu wa volkano.

Baba yako