Barua ya wazi kwa Shangazi: kuhusu binti yako na yule mtoto wa Nyong'o

Shangazi, shikamoo.

Binti yako hajanituma. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ukishaiona barua hii utamwita jikoni umhoji ameniambia nini. Aliyenieleza ni mama, naye alielezwa na wewe mwenyewe kwenye simu. Kwamba umemtoa kwenye kikundi cha maigizo cha shule, kwamba kidato cha tatu si wakati wa michezo, na kwamba mwalimu wake alipokutajia Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu wa Hollywood, ulimjibu, "Yule ni mtoto wa mkubwa. Sisi ni nani?" Mama alicheka sana. Mimi jibu lako lilinikaa, maana lina ukweli ndani yake. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu, tena hadharani bila kukutaja jina, kwa kuwa kina shangazi wenye mabinti wanaoigiza mbele ya kioo ni wengi.

Ukweli wenyewe ni huu. Baba yake Lupita, Peter Anyang' Nyong'o, ni profesa wa sayansi ya siasa ambaye amekuwa mbunge, waziri, seneta na gavana wa Kisumu. Lupita alisoma shule ya Rusinga, kisha St. Mary's ya Nairobi, akamaliza mwaka 2001 kwa mtihani wa kimataifa wa Baccalaureate, siyo huu wetu wa kumaliza sekondari, KCSE, unaokunyima usingizi wewe. Alipokuwa na miaka 16 wazazi walimpeleka Mexico, kwenye mji wa Taxco, akae miezi saba ajifunze Kihispania. Hesabu mwenyewe nyumba za mtaani kwetu zinazoweza hilo. Mwalimu au mtu yeyote anayemwambia binti yako kwamba Lupita alitoka shimoni anamdanganya.

Ila ukubwa unaouona leo haukuwako alipozaliwa. Alizaliwa Mexico City, tarehe 1 Machi 1983, kwa sababu baba yake alikuwa nje ya nchi, mpinzani wa serikali ya Moi, akifundisha chuo huko. Jina lenyewe ni la Kimexico. Walirudi Kenya naye akiwa hajafikisha mwaka, na kuwa mtoto wa mpinzani Kenya ya miaka ile hakukumfungulia mtu mlango wowote. Ubunge ulikuja 1992, uwaziri 2003, na wakati huo msichana ana miaka ishirini.

Kilichokuwapo tangu mwanzo ni kingine. Watoto walikuwa sita, yeye wa pili, na ukoo ukikusanyika watoto walikuwa wakisimamishwa kuigiza mbele ya wakubwa. Pia walikuwa wakipelekwa kutazama michezo ya jukwaani. Sasa Shangazi, niambie nani aliyekuwa akitupanga mstari siku ya Idi, kila mtoto akariri shairi ndipo apewe mkono wa Idi? Nani aliyemrudisha nyuma yule mdogo wetu kwa sababu alikuwa akimung'unya maneno? Wewe ndiye uliyeianza kazi hii. Umeiacha njiani tu.

Lupita akiwa na miaka 14 alisimama jukwaani na kundi la Phoenix Players la Nairobi, akiwa Juliet katika mchezo wa Shakespeare. Kumi na nne, mdogo kuliko binti yako sasa. Shule haikusimama. Aliendelea kusoma, akamaliza, akaenda Marekani, chuo cha Hampshire kule Massachusetts, akachukua masomo ya filamu na tamthilia.

Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo, maana hii sehemu hawaielezi wale wanaobandika picha zake ukutani. Kwa miaka kadhaa Lupita hakuwa akionekana kwenye filamu hata kidogo. Alikuwa nyuma ya kamera, mtu wa kutumwatumwa. Mwaka 2004 walipokuja kupiga picha za The Constant Gardener hapa Kenya, yeye alikuwa mmoja wa wasaidizi wa uzalishaji. Kazi hiyo Shangazi ni ya kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote: peleka ratiba, mwite fulani, zuia watu wasipite, leta chai, simama juani ngoja uambiwe. Mwigizaji mkuu alikuwa Mwingereza, Ralph Fiennes. Alipomuuliza Lupita anataka kufanya nini maishani, yeye akajikaza, akasema anataka kuigiza. Yule bwana akashusha pumzi, akamwambia aigize ikiwa tu hakuna kitu kingine duniani anachotaka kukifanya. Wewe ungempenda mzee huyo. Hakumdanganya mtoto wa watu.

Baada ya hapo akatumika kwenye filamu nyingine, ikiwemo The Namesake ya Mira Nair, yule mwongozaji wa Kihindi. Shika jina hilo, nitalirudia.

Mwaka 2009 ndio mwaka wake ninaoupenda kuliko ule wa tuzo. Alikuwa amerudi nyumbani. Alicheza kama Ayira kwenye Shuga, ile tamthilia ya vijana na Ukimwi ambayo ulituzimia televisheni sebuleni ukisema ni uchafu (tuliimalizia kwa jirani, utusamehe). Mwaka huohuo alitoa filamu yake mwenyewe, In My Genes, inayoeleza maisha ya watu wenye ualbino Kenya. Aliiandika, akaiongoza, akaizalisha. Juu ya hayo aliongoza video ya wimbo wa Wahu na Bobi Wine, huyuhuyu Bobi Wine aliyekuja kugombea urais Uganda. Hizo ni kazi tatu za aina tatu, zote hapahapa Afrika Mashariki, na hakuna aliyekuwa akimpigia makofi ya Hollywood. Unaposema "alibahatika", Shangazi, wahenga wa pwani walishasema vyaelea vimeundwa, na hiyo 2009 ndiyo karakana yenyewe.

Kisha akarudi tena darasani! Akaomba nafasi Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, kwenye shule yao ya tamthilia, akakaa miaka mitatu kusomea uigizaji, akamaliza 2012 na shahada ya uzamili. Mashuhuri wengi wa runinga hapa kwetu hawajasoma hata kozi ya wiki moja ya kutoa sauti, na inasikika.

Kabla hajamaliza Yale ndipo akapata nafasi ya Patsey kwenye 12 Years a Slave. Mwongozaji, Steve McQueen, alikuwa amewatazama wasichana zaidi ya elfu moja. Patsey si wa kubuniwa. Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyekuwa huru akatekwa na kuuzwa utumwani, alimwandika kwenye kumbukumbu zake za 1853: msichana wa shamba la pamba Louisiana aliyeweza kuchuma ratili 500 kwa siku, kupita wanaume, na bado akachapwa. Najua hukuimaliza filamu hiyo. Ulitoka kwenye onyesho la kipande cha sabuni. Patsey ametoka shamba la jirani kutafuta sabuni, kwa sababu bibi wa nyumba anamnyima, na anasema ananuka mpaka yeye mwenyewe anataka kutapika. Ulifuta macho, ukasingizia moshi wa jikoni. Mimi sikusema neno, lakini niliona. Mtu asiyejua kazi hawezi kumfanya mwanamke wa Mombasa, anayetazama filamu huku akichambua mchele, aache mchele.

Tuzo ya Oscar aliipata 2 Machi 2014, kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu. Mkenya wa kwanza kuipata kwa uigizaji. Gauni la buluu, machozi, na mdogo wake wa kiume akajipenyeza kwenye ile selfi maarufu ya mshereheshaji Ellen DeGeneres katikati ya kina Brad Pitt, jambo ambalo lingefanywa na kaka yeyote kutoka Kenya. Lakini angalia tarehe. Siku moja kabla alikuwa ametimiza miaka 31. Tangu Juliet wa Nairobi ilikuwa imepita miaka kumi na saba, na ndani ya hiyo kuna shahada mbili. Wewe unaogopa maigizo yatamtoa binti shuleni. Huyu unayemtumia kama mfano wa kutisha hakuacha shule hata siku moja. Tena alirudi akiwa mtu mzima.

Sasa niiseme ile hofu yako nyingine, ambayo hukumwambia mwalimu lakini ulimwambia mama. Wanaume. Hapo sikubishii, Shangazi. Oktoba 2017 Lupita mwenyewe aliandika kwenye New York Times jinsi Harvey Weinstein, mtayarishaji aliyekuwa na nguvu kupita kiasi, alivyomsumbua tangu 2011 akiwa bado mwanafunzi. Alimwalika nyumbani kwake kwa kisingizio cha kutazama filamu, na baadaye akamtamkia waziwazi kwamba kazi yake itategemea kukubali. Alikataa, akainuka akaondoka. Alipokwisha kuwa na jina akaletewa nafasi kwenye filamu ya mtu huyohuyo, akaikataa pia. Hofu yako ina msingi kabisa. Ninachokuomba uangalie ni kwamba alikaa na jambo hilo miaka sita. Binti ambaye mama yake alimkataza kazi hiyo tangu mwanzo atakaa nalo miaka mingapi? Atakuja kukwambia wewe, wakati anajua neno lako la kwanza litakuwa "si nilikwambia"?

Na pesa? Ndogo. Sitakupamba. Waigizaji wengi wa hapa wanaishi kwa matangazo, kusherehesha harusi na kungoja malipo yanayochelewa. Hata Oscar haikummalizia shida Lupita. Ameeleza kwamba baada ya tuzo aliletewa tena nafasi za watumwa, na kwenye Star Wars ya 2015 uso wake hauonekani kabisa, sauti na mienendo tu. Kwa hiyo binti asome, awe na cheti cha kitu kingine, sawa. Hilo mimi na wewe tuko pamoja, na nimeshamwambia.

Kuna jambo la krimu pia. Februari 2014, kabla ya Oscar, Lupita alisoma barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaghairi baada ya kumwona yeye. Akasimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke akiwa mweupe, na jinsi mama yake alivyokuwa akimwambia uzuri hauliwi. Unakumbuka tulichokiokota kwenye mkoba wa binti yako likizo ya Disemba? Ulichoma ule mkorogo, ukamsema mpaka majirani wakasikia. Haikusaidia, alinunua mwingine. Ule mwingine aliuacha mwenyewe, muhula aliopewa kucheza malkia kwenye mchezo wa shule na mwalimu wa jukwaa akamwambia rangi yake ndiyo ile anayoitaka chini ya taa. Sijui kama ulijua.

Sasa lile jina nililokwambia ulishike. Mira Nair, ambaye Lupita alimtumikia kwenye The Namesake, ndiye aliyekuja kumwita miaka kumi baadaye acheze Queen of Katwe, ya mwaka 2016. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, msichana wa Katwe, Kampala, aliyeibuka bingwa wa chesi. Phiona amechezwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala ambaye hakuwa ameigiza filamu hata moja kabla ya hapo. Lupita ni mama yake, Harriet, mjane muuza mahindi. Na huyo mama, Shangazi, ni wewe mtupu. Anachokiogopa si mchezo. Anaogopa mtoto ataonyeshwa maisha ambayo yeye mama hana uwezo wa kumpa, halafu arudi nyumbani akiwa na kiu isiyokatika. Anamgombeza mwalimu wa chesi kwa maneno ambayo nina hakika binti yako akiyasikia atageuka kukutazama. Filamu haimfanyi mjinga, wala haimcheki. Kuna onyesho anauza kitu chake cha thamani, sikwambii kipi wala kwa ajili gani.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo, nitakuwa nayo. Tutaitazama sisi wawili kwanza, binti akiwa madrasa. Mashindano ya tamthilia ya shule yanaanza kaunti ndogo, yakivuka ni kaunti, halafu kanda, taifa mpaka likizo ya Aprili, kwa hiyo hata wakifika mbali, masomo yatakayopotea ni siku za kuhesabu tu. Nimeongea na mwalimu wao: wasichana wanalala bweni, na walimu wa kike wawili wanakuwa nao usiku kucha. Nafasi ya mzazi mmoja wa kufuatana na kikundi bado iko wazi, nauli juu ya shule, chakula juu yako mwenyewe. Nimemwambia asimpe mtu mpaka nikuulize.

Na ukija huko, tafadhali usimsahihishe matamshi kutoka kwenye viti.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.