Maka za chaki zijaribiwe juu ya weusi, si juu ya karatasi nyeupe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini mimi limenigharimu fedha na mara moja likanitia aibu mbele ya mteja. Kalamu za chaki ya maji, ambazo sisi waandika mabango tunaziita maka za chaki, huuzwa kwa namna inayomficha mnunuzi kitu cha kwanza anachohitaji kukijua, yaani ni rangi zipi ndani ya pakiti zinazoziba weusi wa ubao, na zipi zinazopita juu yake kama chai ya rangi.

Ninaandika mabango hapa Dar es Salaam. Zamani sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa brashi na rangi ya mafuta kwenye kuta za maduka. Siku hizi naitwa zaidi kwenye mbao nyeusi za migahawa, vioo vya saluni na vioo vya magari yanayouzwa, na kote huko maka ya chaki imeifukuza brashi, kwa kuwa mwenye biashara anataka afute bei ya leo kwa kitambaa na kesho aandike nyingine.

Mama mmoja mwenye mgahawa Magomeni aliwahi kunipa ubao wa kuweka kando ya barabara. Nilinunua pakiti ya rangi nane, nikaandika wali maharage kwa nyeupe, chapati kwa njano, na pilau kwa nyekundu, maana pilau ndiyo aliyotaka ionekane kuliko vyote. Nikiwa nimechutama mbele ya ubao, uso karibu ugusane na herufi, nyekundu ile niliiona vizuri kabisa. Jioni akanipigia simu: "Fundi, mbona pilau yangu haimo ubaoni?" Nilikwenda. Pilau ilikuwemo, ila ukivuka tu barabara na kugeuka, kati ya chapati na ndizi nyama palikuwa na pengo jeusi. Nilimwomba radhi, nikaandika upya bila malipo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikichunguza kwa nini rangi mbili zilizotoka katika pakiti moja, kwa bei moja, zifanye kazi tofauti kiasi hicho.

Kwanza, ndani ya maka hizi kwa kawaida hamna chaki kama ile ya darasani. Chaki ya darasani ni unga wa jasi au chokaa, na weupe wake unategemea hewa iliyo katikati ya chembe za unga. Mwalimu yeyote aliyeandika kwenye ubao uliofutwa kwa kitambaa kibichi anajua: maandishi huwa hafifu kana kwamba chaki imekataa, kisha ubao unapokauka hujitokeza yenyewe. Maji yalikuwa yamechukua mahali pa hewa, na mwanga ukawa unapenya badala ya kurudishwa. Watengenezaji wa maka walihitaji kitu kinachobaki cheupe hata kikiwa kimeshikwa na gundi, na kitu hicho ni titaniamu dioksaidi, unga uleule unaotia weupe rangi za ukutani. Nguvu ya kitu kupinda mwanga hupimwa kwa namba: maji yana 1.33, chokaa takribani 1.6, na titaniamu dioksaidi ya aina inayotumika zaidi kwenye rangi ina takribani 2.7. Kadiri namba ya unga inavyoizidi namba ya kitu kilichouzunguka, ndivyo mwanga unavyotawanywa na kurudishwa kabla ya kuufikia weusi wa chini.

Ndiyo maana nyeupe inaziba, na ndiyo maana rangi za maziwa, kama waridi hafifu au buluu ya mbingu, nazo huziba: zimechanganywa na huo weupe mwingi. Nyekundu iliyokolea, zambarau na buluu ya wino zimenyimwa weupe huo ili zisipauke, kwa hiyo juu ya karatasi ni nzuri mno, na juu ya ubao mweusi hazina cha kurudisha. Zile za kung'aa kama fulana za waendesha bodaboda zina hila yao. Uzuri wake unatokana na kugeuza sehemu ya mionzi ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana, wala si kuziba, hivyo jioni chini ya balbu ya kawaida hufifia, na zikiachwa juani wiki kadhaa hupauka.

Sasa nenda dukani ukaombe kujaribu. Muuzaji atakupa kipande cha boksi au karatasi nyeupe, utachora mstari, na rangi zote nane zitafaulu. Hicho si kipimo. Watengenezaji wa rangi za ukuta hupaka rangi juu ya kadi yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, kisha hulinganisha mwanga unaorudi kutoka pande zote mbili. Upande mweusi ukirudisha asilimia 98 ya ule wa upande mweupe, huhesabiwa kuwa rangi imeziba. Sisi hatuhitaji mashine. Kipande cha kioo chenye mgongo mweusi, mistari minane, na dakika tano za kusubiri vinatosha. Kusubiri ni lazima, kwa sababu nyeupe ikiwa mbichi huonekana kama maji ya mchele na huziba kadiri inavyokauka, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tumeharibu kazi kwa kurudia mstari ambao ulikuwa bado haujamaliza kukauka.

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila kosa ni la pakiti. Unga ule mweupe una uzito zaidi ya mara nne ya maji ya ujazo uleule, hivyo hutuama. Maka iliyosimama rafuni miezi mingi hutoa maji yenye rangi juu na kubakiza uji chini, na mtu huilaumu kwa kuwa nyepesi kumbe hakuitikisa mpaka asikie gololi ikigonga ndani. Mimi zangu nazilaza. Ncha huiamshia pembeni, yaani huigandamiza juu ya kitambaa mpaka wino ushuke, kamwe si juu ya kazi, kwa maana ukiigandamiza kwenye kioo inatema bwawa la wino. Kioo chenye mafuta ya chipsi hakishiki rangi yoyote hata iwe bora vipi. Wino hujikusanya matone matone mpaka upafute kwa spiriti. Na mkono wa pili, yaani tabaka la pili la rangi, upigwe ule wa kwanza ukiwa mkavu, tena kwa kukatiza mistari ya kwanza, na ncha ipite mara moja tu bila kusugua, kwa sababu rangi hii huyeyuka kwa maji na ncha yenye majimaji huibandua ile ya chini. Pilau ya yule mama niliiokoa hivyo: nilifuta, nikaandika neno zima kwa nyeupe, nikanywa chai yake ya tangawizi, kisha nikapitisha nyekundu juu. Kutoka ng'ambo ya barabara ilisomeka.

Lakini pia nisingependa wasomaji wadhani kwamba rangi inayoziba ndiyo bora mahali pote. Kwenye dirisha la kioo, mchana, ndani ya duka huwa kama ubao mweusi na nyeupe hutawala. Usiku taa za ndani zikiwaka, mpita njia wa nje huona herufi za rangi inayoziba kama vivuli vyeusi, hata ziwe njano, wakati zile nyekundu na zambarau nilizozilaumu huwaka kama vioo vya rangi. Muuza mishkaki anayefungua baada ya magharibi anazihitaji hizo. Na kwenye mbao za mbao zilizopakwa rangi ya maji, ambazo zina vitundu visivyoonekana, maka iliyosheheni unga ndiyo inayoacha kivuli kisichofutika. Hapo mtu ajaribu kwanza kwenye pembe.

Kwa hiyo ombi langu kwa waagizaji na wenye maduka ya vifaa vya ofisi si kubwa. Rangi za kwenye boksi zinachapwa juu ya karatasi nyeupe, kwa wino wa mashine ya uchapaji ambao hauna uhusiano wowote na wino ulio ndani ya maka. Wabandike mistari halisi ya kila rangi juu ya kadi nyeusi, waitundike hapo rafuni, na waandike kwa Kiswahili kwamba maka hizi ni za sehemu ngumu zisizonyonya. Wauze pia maka mojamoja. Katika kila pakiti ya nane mimi hutumia nyeupe mpaka inakauka, njano na waridi nusu, na nyingine huwagawia watoto wa jirani. Shirika la Viwango nalo, likipata nafasi, lingefikiria kutaka maandishi ya kwenye boksi yaseme ni rangi zipi zimekusudiwa ubao mweusi.

Hadi hapo, nimeanza kutembea Kariakoo na kipande changu cha kioo kilichopakwa rangi nyeusi mgongoni, kimefungwa gazeti. Muuzaji wa kwanza aliponiona nakifungua kaunta alisema, "Kaka, hapa hatununui vioo." Nilipomweleza, alinipa maka nane nichore, akasubiri pamoja nami mpaka zikauke, kisha akaniomba nimwachie kile kioo.

Mwandika mabango,
Magomeni, Dar es Salaam