Kazi ya Fosforasi Ndani ya Plastiki ya Prizi

Wateja wengi wa duka letu hapa Bukavu hushika prizi mbili nyeupe, zote za volti 220, wakauliza kwa nini moja inauzwa ghali wakati haina tofauti na mwenzake kwa macho. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya plastiki yenyewe: fosforasi, kiungo kinachochanganywa kwenye plastiki ili kuzuia moto.

Mara nyingi moto wa prizi huanzia pale waya uliolegea kwenye skrubu unapopata joto. Plastiki isiyo na kinga ikifikiwa na joto hilo, minyororo mirefu ya molekuli zake hukatika ikawa gesi. Gesi ndiyo inayowaka, na joto lake huendelea kuikata plastiki iliyobaki. Baadhi ya plastiki pia hudondosha matone yenye moto, jambo la hatari kubwa katika nyumba za mbao zilizosongamana kama za Kadutu.

Fosforasi huingilia kati kwa njia mbili. Ndani ya plastiki yenye oksijeni, kama nailoni, joto huigeuza fosforasi kuwa asidi ya fosforiki, ambayo huondoa maji katika plastiki na kuacha gamba la mkaa linaloikinga sehemu isiyoungua. Katika gesi, chembe za fosforasi hunasa chembe za hidrojeni zinazouendesha mwali, nao hufifia. Polietilini haina oksijeni, kwa hiyo fosforasi pekee haiiundii gamba la maana bila viungo vingine vya kuleta mkaa. Ndiyo maana muuzaji wa jumla akituambia tu kwamba bidhaa yake ina fosforasi, sisi humuuliza kwanza ni plastiki gani.

Aina ya fosforasi nayo ina uzito wake, hasa katika mji wetu wenye mvua nyingi na unyevu wa ziwa. Fosforasi nyekundu huzuia moto vizuri hata ikiwa kidogo, lakini isipofunikwa vyema kiwandani, unyevu huifanya itoe asidi inayokula shaba ya viunganishi. Kwa sababu hiyo sisi tunapendelea nailoni yenye fosfineti ya alumini, kiungo kingine chenye fosforasi, ambayo pia hukubali rangi nyeupe.

Tafuteni alama ya V-0. Maana yake ni kwamba kipande cha plastiki hiyo, kikiwa cha unene uliotajwa, kilisimamishwa wima na kuchomwa mara mbili kwa sekunde 10, na kila mara kilizimika ndani ya sekunde 10 bila kudondosha matone ya moto yanayowasha pamba iliyowekwa chini yake. Hata hivyo, plastiki hiyo bado huungua moto ukizidi, na haiwezi kuchukua nafasi ya skrubu iliyokazwa sawasawa.

Prizi yenu ikigeuka rangi ya kahawia au ikitoa harufu ya kuungua, zimeni umeme kwanza, kisha mwiteni fundi aifungue na mtuletee. Tutaichunguza mbele yenu bila malipo, na tutawaambia kama tatizo ni plastiki, waya mwembamba kuliko mzigo wake, au kiunganishi kilicholegea.