Mtoto akikataa titi ghafla, msimwachishe ziwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo tuzungumzie jambo linalowafanya watoto wengi waachishwe ziwa kabla ya wakati. Mtoto wa miezi 4, 7 au 9 aliyekuwa akinyonya vizuri jana, leo akiwekwa titini anajikunja mgongo, anageuza uso na kulia. Shangazi atasema ziwa limemchosha, jirani atasema maziwa ya mama yameharibika, na kabla jua halijazama kopo la maziwa ya unga limeshafunguliwa. Mara nyingi wote wamekosea. Mtoto anayeacha ziwa kwa hiari yake huacha polepole, kwa wiki na miezi, na ni nadra afanye hivyo kabla ya kutimiza mwaka. Anayekataa kwa ghafla amegoma tu, na mgomo huwa na sababu. Wengi hurudi titini baada ya siku 2 hadi 4. Wachache huchukua wiki au zaidi.

Katika siku hizo mama ana kazi mbili: mtoto ashibe, na maziwa yasikauke.

Maziwa yakikaa ndani ya matiti, mwili hupunguza kuyatengeneza, na matiti yenyewe hujaa, yakauma, pengine hata yakapata uambukizi. Kwa hiyo kamua kila ule muda ambao mtoto angenyonya, karibu kila baada ya saa 3, na usiku usiuruke. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole viwili chini yake, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu wala kuteleza vidole juu ya ngozi. Utaumia bila kupata maziwa zaidi. Hamisha vidole kuzunguka titi ili pande zote zitoe. Kamua dakika 3 hadi 5 upande mmoja, nenda wa pili, kisha rudi, mpaka zitimie dakika 20 hadi 30. Mwanzoni hutoka matone tu. Mengi huja baada ya dakika kadhaa, na wanaokata tamaa hukata hapo.

Mnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa. Chupa hutoa maziwa bila mtoto kuhangaika, na akiizoea haoni sababu ya kurudi titini. Mpakate akiwa wima, kikombe kisizidi nusu, ukingo wake ukae juu ya mdomo wa chini, ukiinamishe mpaka maziwa yaguse midomo. Halafu ngoja avute mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa. Maziwa yaliyokamuliwa yasipitishe saa 4 katika joto la chumba. Kwenye friji hukaa hadi siku 4. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yasimalize saa 2.

Huku hayo yakiendelea, itafutwe sababu. Mafua ndiyo rahisi kugundua: pua ikiziba, mtoto hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia matone 2 au 3 kila tundu la pua kabla ya kunyonyesha. Anayekataa upande mmoja tu huenda anaumwa sikio analolilalia, au amechomwa sindano ya chanjo kwenye paja linalobanwa. Utandu mweupe mdomoni usiofutika ni fangasi. Hapo hutibiwa mtoto na chuchu za mama kwa pamoja, la sivyo wataambukizana tena. Sabuni au manukato mapya, hedhi, ujauzito na mama kurudi kazini, navyo vimo.

Meno yanastahili maneno zaidi. Mtoto anayenyonya sawasawa hawezi kuuma, kwa kuwa ulimi wake umefunika fizi ya chini. Huuma akishashiba na kuanza kuchezea chuchu. Ukiona taya limepunguza mwendo na ulimi unarudi nyuma, pitisha kidole kidogo pembeni mwa mdomo umtoe. Akishauma usimvute, mkumbatie kwa karibu zaidi, uso wake uzame kidogo kwenye titi, atafungua mdomo apate hewa. Mama kupiga yowe ni jambo la kawaida, ila wapo watoto wanaoshtushwa na yowe hilo wakaliogopa titi kwa siku kadhaa.

Kumrudisha hakuhitaji nguvu. Kumsukuma kisogo kunamfundisha kuchukia mahali hapo, na kumshindisha njaa humfanya awe na hasira na mnyonge, si mnyonyaji. Kaeni ngozi kwa ngozi bila kumpa titi, acheze, azoee. Mpe akiwa na usingizi au ndiyo kwanza anaamka, kwenye chumba chenye giza kidogo kisicho na kelele, au ukitembea naye. Kamua kwanza mpaka maziwa yaanze kutiririka, umpake tone mdomoni. Akikataa, nyamaza, jaribu baadaye. Aliyetimiza miezi 6 apewe titi kabla ya uji, si baada: mpaka mwaka mmoja maziwa ya mama bado yanampa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji.

Anayegoma titi lakini anakunywa kwa kikombe, anacheza na analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, ana muda. Anayekataa na kikombe pia, aliyelegea, mwenye homa, anayepumua haraka, utosi umebonyea au mkojo umekuwa haba, huyo ni mgonjwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto yeyote wa chini ya miezi 2 aliyeacha kunyonya, hata akionekana mzima.

Na kwa wenzetu wa vituo vya afya: mama akija na shida hii, chungulieni kinywa na masikio ya mtoto, mumtazame akinyonyeshwa, ndipo mzungumzie kopo.

Wauguzi wa afya ya mama na mtoto