Kuhusu yule mbwa wa shemeji

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam kutoka huku Tanga, sisi wazima, mama anakusalimu, nazi zilifika asante sana. Naandika haraka haraka maana ile picha uliyotuma jana imeninyima usingizi. Huyo mtoto wa mbwa ni rijibeki kweli, ile aina ya Rhodesian Ridgeback, ule mstari wa mgongoni nimeuona, ila uliposema shemeji atamfunga mnyororo mchana kutwa hapo godauni, roho iliniuma.

Shoga, yule si mbwa wa mnyororo. Asili yake ni kusini mwa Afrika huko, Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, walikuwa na mbwa wao wenye manyoya ya mgongoni yaliyolala kinyume, walowezi wakaja na majibwa yao ya Ulaya, wakachanganyika. Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm akapeleka majike mawili kwenye misheni yake ya Hope Fountain karibu na Bulawayo, Zimbabwe ya leo, na mwindaji mmoja, Cornelius van Rooyen, akawapandisha na wa kwake akapata mbwa wa kuwindia simba. Watu wanadhani walikuwa wakimuua simba, wapi! Kazi yao kumzonga, kumbwekea, kumkwepa, asipate pa kutokea mpaka mwenye bunduki afike. Sasa mbwa wa kazi ile lazima ajiamulie mwenyewe, ndo maana ni mbishi, ndo maana habweki ovyo. Mwaka 1922 wafugaji wakakutana hapohapo Bulawayo wakaandika anavyotakiwa awe, na dume linafika sentimita 63 mpaka 69 begani, sasa piga picha hilo limekasirika kwenye mnyororo.

Unamkumbuka yule wa mzee wa Raskazone? Mgeni akiingia hamrukii, anakuja anasimama katikati yako na mlango, anakutazama tu, na hupiti. Lakini siku kijana wa bustani alipomchapa fimbo alijificha nyuma ya tangi akagoma kula. Ukali haumfundishi kitu, anahitaji kuanza mapema, taratibu, na kukimbizwa kila siku, ufukwe si mnao hapo? Ila mbuzi wa kina Bi Zena wawe mbali, akiona kitu kinakimbia damu ya mawindo inamchemka.

Na kabla hamjalipa, mshike ngozi ya shingoni na ya mgongoni, ivute juu polepole. Ukisikia kitu kama uzi kimeing'ang'ania kwenda chini, muacheni. Ni kijifereji wanachozaliwa nacho baadhi yao, kinaweza kushuka mpaka karibu na uti wa mgongo, kikiingia vijidudu kinatunga usaha, na dawa yake kupasuliwa. Yule muuzaji hatawaambia.

Mama mkwe akileta habari za najisi, mwambie wa ulinzi na wa mawindo ameruhusiwa, atakuwa na banda lake uani na sahani yake. Ila banda shoga, banda na ukuta, mnyororo hapana, nakuomba.

Haya niambie, ana umri gani? Mama yake mmemuona, ana tabia gani? Chanjo ya kichaa cha mbwa nani atampeleka, maana shemeji namjua. Ukuta wa nyuma ulishamalizwa au bado ile seng'enge? Na nani atakaa naye mkiwa Dar? Nijibu leo kabla shemeji hajatoa hela.

Wako,
Rukia