Dawa za maradhi ya akili ziletwe zahanati za mitaani

Mhariri,

Sisi tunaouguza jamaa zetu wenye maradhi ya akili hapa Likoni tunaiomba serikali ya Kaunti ya Mombasa jambo moja: dawa na ushauri nasaha vipatikane katika zahanati za mitaani, si hospitali kubwa peke yake.

Mgonjwa aliyetulia kwa sindano ya kila mwezi hahitaji kulazwa. Anahitaji sindano ile isikatike. Lakini kutoka huku hadi hospitali ya Port Reitz ni kuvuka feri, kisha matatu mpaka Changamwe, na nauli ni ya watu wawili kwa kuwa mgonjwa haachwi aende peke yake. Mama anayeuza viazi karai hupoteza siku nzima ya biashara. Mwezi wa kwanza huenda, wa pili hukopa, wa tatu husema, "Si ameshapona?" Wengine huacha dawa kwa sababu dawa zenyewe huwakakamaza shingo na kuwachuruzisha mate, mambo ambayo muuguzi wa karibu angeyaona mapema na dozi ikarekebishwa. Baada ya muda usingizi humpotea kijana, akaanza kuzungumza peke yake, na majirani wakaja na kamba. Hapo hutafutwa mtu wa kupunga majini, kwa gharama inayozidi nauli zote zilizookolewa. Siilaumu familia hata kidogo. Mganga yuko mtaa wa pili. Daktari yuko ng'ambo ya maji.

Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka wa 2022, inazitwika kaunti jukumu la kutoa huduma hizi katika vituo vyake na kuzitengea fedha. Januari 2025 Mahakama Kuu nayo iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Familia iliyokuwa ikificha kwa kuogopa polisi sasa inaweza kusema. Imwambie nani?

Watu wa kuanzia wapo. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na mashine za presha na sukari. Wafundishwe pia kuuliza mtu analalaje, anakula, amekata tamaa? Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa maradhi ya akili, Dkt Dixon Chibanda, alianza mwaka wa 2006 na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, wakiwasikiliza watu kwenye mabenchi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliozungumza nao walipungukiwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Likoni haina upungufu wa mabibi wenye busara.

Bajeti ya kaunti itakapojadiliwa, wawakilishi wa wadi zetu waulize: ni zahanati ngapi zina muuguzi aliyesomea maradhi ya akili, na je, sindano ya mwezi huu ipo?

Mkazi wa Likoni,
Mombasa